Sentimita Mbili kwa Kila Mita

Mume wangu Nolberto alichimba mtaro wa kwanza
kwa jicho na kwa majivuno.
"Maji yanajijua," alisema, akafukia bomba,
akapanda basi la Antofagasta kwenda kwenye migodi ya shaba.
Siku ya tatu sinki likaanza kucheua.

Wiki mbili nyumba ilinuka yai viza.
Povu la vyombo lilirudi nilikolimwaga,
limebeba punje za wali na unywele wangu mwenyewe,
kama barua iliyokosa stempu.

Hapa Quebrada Seca lori la maji hupanda Jumanne;
likichelewa, Alhamisi; likiharibika, basi tena.
Mlimani juu yetu miparachichi ya kampuni imekoza kijani,
safu kwa safu, hata mbwa hawaingii.
Huku chini kisima cha baba kimebaki shimo
la kutupia jiwe na kungoja mlio.

Nikafukua.
Bi Ercilia wa jirani, mshonaji mstaafu,
akaja na mpira mwembamba wa kupitisha mwanga, mita kumi,
tukaujaza maji yenye tone la wino.
Yeye akashika ncha moja mlangoni pa bafu,
mimi ncha nyingine penye mlimau.
"Maji hayana upendeleo," alisema,
"husimama sawa pande zote mbili. Pima tofauti.
Usimwamini mwanamume, wala jicho."
Sentimita mbili kwa kila mita.
Ukizidisha, maji hukimbia yakaiacha taka njiani;
ukipunguza, hulala.

Chini ya sinki niliweka ndoo iliyokwisha rangi,
nikaikata kati kwa kibao: mafuta yaelee upande huu,
maji yapenye chini kwenda upande ule.
Kisha pipa la kokoto, kubwa chini, ndogo juu,
na mdomoni mwa pipa soksi kuukuu ya Nolberto,
inase nyuzi za nguo.
Alipopiga simu aliiulizia. Sikumwambia.
Mwisho wa bomba, shimo lililojaa matawi yaliyokatwakatwa,
maji yasione jua,
mbu wasipate pa kujitazama.

Klorini niliiacha. Niliacha na ile sabuni ya unga,
maana weupe wa shuka ni chumvi mdomoni mwa mti.
Saladi haiguswi.
Maji ya nepi za mjukuu wa Ercilia, hapana,
hata anibembeleze kwa mkate wa moto.

Kila Jumamosi ya pili naingiza mkono kwenye ndoo ile.
Hamna ushairi humo. Ni utando wa mafuta, kijivu, vuguvugu,
umeshika umbo la ndoo kama keki.
Naufunga kwenye gazeti, nauzika mbali na mbwa.
Mwezi wa kwanza nilitapika.
Sasa nakisia kwa harufu ni siku gani tulikaanga samaki.

Agosti, usiku, ardhi ilitikisika.
Si sana: glasi mbili, na picha ya mama mkwe.
Asubuhi watu walikagua kuta.
Mimi nilimwaga ndoo bafuni, nikakimbia nje,
nikapiga magoti shimoni, nikahesabu.
Kumi na tisa. Arobaini. Mia moja na kumi,
ndipo tone la kwanza likaja, likisitasita.
Kiwiko kimoja cha bomba kilikuwa kimeinuka
upana wa kidole.
Tukarudi kwenye mpira, wino, na masimango ya Ercilia.

Maji yakimwagika hayazoleki,
husema watu wenye mito.
Haya nimeyaoga, nimeyafulia, nimeyasuuzia sufuria,
na sasa yako pale tawini, manjano,
yana ganda nene na mbegu saba.

Nolberto alirudi Desemba. Akanawa mikono,
akainamisha kichwa, akisikiliza maji yanakwenda wapi.
Yalikwenda.
"Umebadilisha nini?"
Nikamwambia avue soksi, ile ya kulia.
Ya zamani imechoka.