Siku ya Thelathini

Alhamisi ni siku ya kucha.
Naweka beseni la maji vuguvugu barazani,
wembe, taulo, mafuta ya nazi,
nao wanakuja wakiburuta makubazi,
kila mtu na miguu yake, na kesi yake.

Bi Kibibi kwanza. Macho yake yalizimika mwaka juzi.
"Usinikate kama unamenya muhogo," ananiambia,
"mguu huu umecheza harusi za Chumbageni nzima."
Mzee Chande anataka redio isogezwe.
Bi Mwanasha anadai hajanywa chai.
Amekunywa. Nampa tena.
Kikombe cha pili hakijamuua mtu.

Wa mwisho daima ni Mzee Bigilimana.
Alishuka stesheni ya Tanga na shati moja,
mkonge ukampa namba kabla ya kumuuliza jina.
Kwenye rejista yetu, penye NDUGU WA KARIBU,
afisa ustawi alipiga mstari,
mfupi, ulionyooka, kama kwa rula.

Naushika mguu wake. Miiba ilipoingia
pamebaki vidoa vyeusi, sivikwangui.
Nauliza tu: vinauma?
"Vinakaa," anasema.

Chini ya mto ana kopo la maziwa ya unga,
ndani ya kopo kitambaa, ndani ya kitambaa kipande:
visanduku thelathini,
ishirini na tisa vina alama ya kalamu ya risasi.
Siku ya thelathini kiwanda kilinyamaza,
karani akafunga dirisha, nyapara akapanda lori.
"Nami nilikuwa nimeshakata," anasema.
"Nimefunga matita, nimeyapanga.
Yakaoza pale pale, yamepangwa."

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anamuuliza msimamizi:
"Ile siku yangu?"
Na msimamizi, mtu mwema, mwenye deni la maji na la mchele,
anamjibu: "Tunafuatilia, mzee."

Masika haya umeme ulikatika siku nne Pongwe yote.
Bi Kibibi hakujali, giza ni lake siku zote.
Ila tulikuwa wahudumu wawili, wazee thelathini na mmoja,
na usiku wa pili alijikwaa ndoo akienda msalani,
akalala pale pale sakafuni.
Nilimkuta alfajiri anavuta uradi, ubavu umevilia.
Mbona hukuita?
"Nimwite nani? Mmechoka."

Mzee Bigilimana alisikia, akamaliza uji wake.
Kisha akamtuma Salehe wa jikoni amtafutie katani.
Siku mbili alisokota: mate, paja, kiganja,
paja, kiganja, mate,
bada ikapoa kwenye sahani, hakuigusa.
Siku ya tatu akaomba nyundo.
Kamba ikatoka kwenye kitasa cha Bi Kibibi
hadi mlango wa choo,
fundo moja penye ngazi,
mafundo mawili penye kona.

Usiku ule nilikuwa macho, natenga dawa za presha kwa tochi.
Nikaisikia kamba ikilia kidogo kwenye misumari,
ikikaza, ikilegea, ikikaza:
mtu mzima anakwenda haja zake
bila kumtaka radhi mtu.

Alhamisi. Beseni, wembe, taulo.
Nikamwambia, mzee, leo lete kipande.
Nikakijaza kile kisanduku cha mwisho,
nikatia tarehe, nikatia saini:
Veronika Mhando, mhudumu.

Alikisogeza mbali na macho. Akakisogeza karibu.
Akakikunja. Kitambaa. Kopo.
"Wewe si nyapara," akasema.

Nikaukausha mguu wa kushoto.
Akaninyooshea wa kulia.

"Na mshahara," akauliza,
"unalipwa dirisha lipi?"