Gumba la Kuume

Barua ilisema tu: ombi limekataliwa,
fomu haina alama ya gumba la kuume.

Gumba la kuume la Kyabula
lilibaki ndani ya mashine ya kusaga mawe,
zamu ya usiku, mwaka ule mvua ilipochelewa,
pamoja na mkono hadi kiwiko.

Miaka mitatu nimelibeba faili hili
katika mfuko wa sukari, kutoka Katuba
hadi tribinali, Lubumbashi mjini,
kwa miguu, siku ya pesa kwa pikipiki.

Hakimu hakuuliza kama bado inauma.
Kazi yake, alisema, si kuupima mkono,
ni kuipima kalamu iliyoukataa.
Akamgeukia wakili wa pensheni:
"Aliyeandika hili, aliusoma ukurasa wa pili?"
Feni ikazunguka.
Mtu akakohoa.

Tumeshinda. Maana yake
faili lirudi ofisi ileile,
meza ileile, lisomwe upya.

Usiku Kyabula ametandaza hukumu mezani,
anainyoosha mikunjo kwa kile kigutu,
polepole, kama pasi ya makaa.
"Jumatatu," anasema, "uwahi foleni.
Na wino, ubebe wa kwetu."