Mjumbe Hauawi

Nyumba yetu ya Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
ilikuwa na vyumba viwili na posta moja.
Posta ni mimi.

"Mwambie baba'ko chakula tayari."
Na baba yupo hapo hapo, hatua mbili, mkekani.
"Mwambie mama'ko sili."
Miaka miwili nilitumwa maneno
kama mtoto anavyotumwa chumvi dukani,
na mengine niliyapunguza makali njiani:
"sili" ikafika "atakula baadaye."

Mjumbe hauawi, wanasema.
Hawasemi kwamba huchoka.

Darasa la sita ulimi ukagoma:
ba, ba, ba,
baiskeli iliyochomoka mnyororo, miguu inazunguka bure.
Nikanyweshwa kombe. Nikamulikwa kooni.
Mwisho tukapanda Bombo, sote watatu,
kwa mshauri nasaha, Bi Riziki Shekalaghe,
mwanamke wa raba nyeupe
ambaye mdomo wangu hakuutazama.
Alitazama viti.

Mimi nilikaa katikati, kama ada.
Baba akasema, "Mgonjwa ni huyu."
Mama akaitikia kwa kichwa.
Hawakuwahi kukubaliana jambo tangu tumzike Tatu.

"Mtoto huyu akikosa sauti,"
akauliza Bi Riziki, polepole,
"nani mwingine humu ndani anaikosa?"

Feni ikazunguka.
Akashika kiti changu, nami juu yake,
akakikokota mpaka dirishani, kikapiga kelele sakafuni.
Kati ya wazazi wangu pakabaki
saruji tupu, upana wa jeneza dogo.
"Haya. Mwambie mwenyewe."

Baba akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.
"Mama Tatu."
Jina hilo halikuwa limetajwa nyumbani.
"Usiku ule wa homa
mimi ndiye niliyesema tungoje kupambazuke."
Mama alitazama kofia.
"Najua. Nami nikakubali."

Sikubeba hata neno moja.

Tulirudi mara tano zaidi.
Wiki ya tatu walitoka wamenuniana,
mama akaapa hakanyagi tena pale,
Alhamisi akawa wa kwanza kuvaa baibui.
Kigugumizi bado ninacho, hasa kwenye b.

Ila jana usiku, nyuma ya ukuta,
niliwasikia wakigombania bei ya nazi,
sauti juu, wao kwa wao,
hakuna aliyeniita.

Nikavuta shuka. Nikalala.