Kamba ya Boriti

Miezi mitatu Bi Mize alinifunza:
kuchutama nikichambua karafuu,
kupumua kama mtu apozaye uji.
"Uchungu haupigwi teke," akasema.
"Unapokewa."

Usiku wenyewe, Kiuyu haina umeme,
nikaing'ang'ania kamba ya boriti
na mafunzo yote yakanitoka.
Nilimtukana Faki. Nikamtukana na babake.
Nikaililia sindano ya Wete
niliyoikataa mwenyewe.

Bi Mize akanikanda kiuno kwa mafuta ya nazi,
akihesabu polepole, kama apimaye mchele wa kukopesha.
Sikusikia alipofika ngapi.

Kichwa. Bega. Maji vuguvugu mapajani,
na kitu kizito kifuani,
kinanuka chumvi, kimenikasirikia.

Kamba ingali inaning'inia.
Faki aitaka akafungie gunia.
Hapewi.