Nyuzi Tisini na Saba

Imezima tena.
Bibi harusi mguu mmoja ndani ya ukumbi,
mmoja nje,
na kioo kimekuwa cheusi kama kitako cha chungu.

Usiku wa tatu huu. Mwezi wa Machi, Guraya,
chumba cha juu, mabati yangali yakitema
jua yalilolinywa tangu saa nne asubuhi.
Hata ukuta, ukiuegemea, hukujibu kwa jasho.

"Nini tena?" asema mama kutoka mkekani.
"Prosesa. Imefika nyuzi tisini na saba."
Hakuinua kichwa. Alikuwa na kofia gotini,
akizungushia uzi tundu dogo kuliko jicho la dagaa.
"Tisini na saba! Nyuzi za rangi gani?"

Nilicheka peke yangu,
kisha nikaona hakuwa akifanya mzaha,
wala sikujua nimweleze nini:
kwamba humu sandukuni mna kigae,
hakizidi biskuti ya chai,
kinachofikiri mpaka kikajiunguza.

Nikafungua parafujo. Ubavu ukatoka.
Lo!
Vumbi na chumvi ya hewa vimeoana,
vimezaa blanketi katikati ya mapezi ya bati.
Unywele mweupe wa paka aliyekufa mwaka juzi.
Uzi mwekundu, wa kofia ya yule mteja wa Tudor.
Mama akauchomoa kwa ncha ya sindano,
akaunyoosha kwenye taa.
"Mmoja huu," akasema. "Zimebaki tisini na sita."

Fundi Badi wa Mwembe Tayari alinijibu kwa simu, nusu amelala:
"Usiitukane mashine. Imevaa buibui la vumbi.
Ng'oa feni, futa ile dawa kavu juu ya prosesa
kwa pamba na spiriti,
kisha tia mpya, kiasi cha punje ya mbaazi.
Si kijiko, Kassimu. Mbaazi."

Ya zamani ilikuwa imegandamana
kama uji uliosahauliwa kwenye mwiko.
Nikatia mbaazi moja ya kijivu.
Mama aliona uchoyo:
"Hiyo haitoshi hata kuchua goti."

Saa saba usiku nikawasha.
Sitini na moja. Sabini na tano.
Themanini na nane, na kazi haijafika robo.
Mama yake bibi harusi anataka flashi saa tatu asubuhi,
na malipo ya awali yamekwisha kuwa tokeni za umeme
na vidonge vya presha.

Feni ya kusimama tunayo moja.
Ilikuwa ikimpepea mama.
Niliigeuza shingo, nikaielekeza kwenye ubavu ulio wazi,
na sikumwomba ruhusa.

Hakusema kitu. Alichoma sindano kwenye upindo wa leso,
akachukua kipepeo chake cha ukili,
akajipepea mara mbili, tatu.
Halafu akauvuta mkeka mpaka chini ya meza
akaanza kupepea huku na huku,
mara yeye, mara kompyuta,
kama muuguzi wa zamu mwenye vitanda viwili.

Ningemwambia kwamba nilikuwa nimeipunguzia kasi,
robo nzima, kwa kubofya mara tatu tu,
na kwamba upepo wa ukili haufiki huko ndani.
Lakini mkono wake ulikuwa umeshapata mwendo.

"Sasa nyuzi ngapi?"
"Sabini na nne."
Midomo yake ikahesabu jambo.
"Basi iache ishone polepole.
Mimi kofia hii nimeianza Rajabu."

Nje, msikiti wa pili ulikuwa ukijaribu kipaza sauti.
Shati langu limenata mgongoni.
Kipepeo kikapunguza, kikapunguza,
kikamlalia kifuani.
Niliirudisha feni kwake, nusu.

Na kwenye kioo, hatimaye,
bibi harusi akaleta mguu wa pili.