Wa Pili Kutoka Kushoto

Mjomba Anaeli alinunua televisheni kabla ya kununua kitanda.
Majengo nzima ilijua. Aliiweka juu ya pipa la mahindi,
akaifunika kitambaa cha kudarizi kama kikombe cha ushirika,
kisha akaunganisha mabomba matatu ya maji
mpaka antena ikapita kilele cha mgrevilea wa jirani
na kuelekea Taveta, na ng'ambo ya Taveta.

Upande wetu wa mpaka hewa haikuwa na picha.
Tulikula za wenzetu, zilizovuka bila pasi.

Jumamosi, saa mbili na nusu usiku,
betri ya lori imeshiba chaji,
mimi ndiye niliyepandishwa juu ya bati.
"Geuza! Kidogo! Umepitiliza, mtoto wewe!"
Kwa hiyo muziki ule niliujulia juu,
saksafoni nne zikinifikia
kupitia matundu ya misumari.
"Hapo hapo! Usipumue!"
Nikashuka kama mtu anayebeba mayai.

Wanaume kumi na wanne, makoti meupe.
Au ya njano. Au ya samawati. Kioo hakikusema.
Mama alishikilia kuwa ni rangi ya maziwa ya mgando;
Mzee Kimambo, fundi cherehani wa karibu na stendi,
aliapa kwa mkasi wake ni kijani.
Waligombana hivyo miaka minne.

Tromboni zilikwenda na kurudi
kama mkono wa mtu anayepiga pasi.
Kisha kimya, nusu pumzi tu,
kiongozi akashusha kidole,
na wote wakaingia pamoja,
kama lango la kiwanda cha kahawa
linaposukumwa na vibarua wote kwa mpigo mmoja.
Sebule ilijaa. Kibatari kiliyumba, au nilidhani kiliyumba.

Mlima ukijifunika, tulijua bila kutoka nje:
chenga ziliingia, theluji ya Kibo ikahamia kwenye kioo,
ikawaangukia mabegani, nao wakaendelea kupuliza.

Wengine walimngoja mpiga solo, yule wa nywele za njia.
Mama alimngoja mwingine.
Safu ya tarumbeta, wa pili kutoka kushoto.
Hakuwahi kupewa kusimama peke yake.
Alipuliza, akafuta midomo kwa leso,
akahesabu kwa kisigino, akapuliza tena.
"Yule," Mama alisema, "akikosekana
wenzake wote watasikika wana njaa."
Baba alikohoa.

Juzi, harusi ya binti wa Aikande, ukumbini Rau.
Kijana mmoja, kinanda kimoja, taa za zambarau.
Alibonyeza kitufe, tarumbeta zikatoka,
nyingi, safi, hazijawahi kuingia mate.
Kitufe hakivuti pumzi.
Lakini nisijifanye: nilicheza.
Ndafu ilipoingia na majani mdomoni
nilicheza mpaka kiatu kikafunguka kamba.

Mama, miaka themanini na moja, sikio moja limekwisha,
alinivuta mkono, akanyoosha mkongojo jukwaani.
"Wengine wako wapi?"
"Ni huyu tu, Mama."
Hakunijibu. Akaanza kuhesabu jukwaa kwa kidole,
polepole, kuanzia kushoto:
mmoja,
akakituliza kidole kwa wa pili.

Palikuwa na waya tu pale, na stuli.
Akapatazama mpaka wimbo ukaisha,
kisigino chake kikigonga sakafu,
nje kidogo ya mdundo wa mashine,
ndani kabisa ya ule mwingine.