Daftari la Tembe

Baba alipima majani chai kituoni Mudete
miaka ishirini na saba, mvua inyeshe isinyeshe.
Magunia yalikuja yamelowa, akatoa kilo mbili za maji,
wachumaji wakamtukana, akameza.
Meneja akamwambia aandike kilo zisizokuwapo, akakataa,
akanyimwa marupurupu, akameza.
Siku tuliyomzika mama alisimama ukingoni mwa kaburi,
koo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka,
wala hatukusikia sauti.

Leo ameshindwa na kidonge.

Cheupe, nusu gramu.
"Nusu gramu, Kageha! Mizani yangu isingetikisika."
Anakiweka ulimini kama mtu anayetoa sadaka
huku akiitamani irudi mfukoni.
Maji yanapita, kidonge kinabaki.
Kikombe cha pili. Cha tatu. Tumbo ni mtungi sasa,
na kidonge kingali pale pale, kimeanza kuyeyuka,
uchungu unampanda puani.
"Mrenda unateleza," anasema akifuta machozi,
"ugali mkavu unapita. Hiki kina kucha?"

Nami, niliyeamka saa kumi kukamua,
mwenye watoto wa kupeleka shule na nguo za kuanua,
nikamwambia: "Baba, hata watoto wa chekechea wanameza."

Neno hilo halikumkwama.
Hilo lilipita.

Tangu siku hiyo akawa hodari.
Nampa tembe, ananirudishia kikombe kitupu,
anafungua kinywa nikague, kama gunia mbele ya karani.
Nikajisifu kwa majirani: ukali nao ni dawa.
Lakini miguu ilivimba.
Presha ikapanda kama deni la duka.

Nilikuwa natafuta ufunguo wa ghala
katika koti lake la kazi, lile linalonuka chai mbichi bado,
nikakuta daftari. Mistari imepigwa kwa rula:
tarehe, wakati, kiasi, maelezo.

*Jumanne. Asubuhi. Tembe 1. Haikupita.*
*Jumanne. Jioni. Tembe 1. Haikupita.*
*Kageha amechoka. Nimemwambia imepita.*
*Jumatano. Nusu. Ilipita. Imekwaruza.*
*Alhamisi. Tembe 1. Haikupita. Kuku asiione.*

Na mfuko wa pili, kopo la ugoro lisilo na ugoro.
Nilizimwaga kitandani, nikahesabu:
thelathini na moja, na vipande viwili.
Daftari halikukosea hata kipande.
Mtu aliyeweza kunidanganya mimi
hakuweza kuidanganya karatasi.

Nikalipeleka Mbale, duka la dawa.
Bi. Imali hakucheka. Alisoma safu kwa safu,
kidole kikishuka polepole kama cha mkaguzi.
"Hii ipo ya maji. Hii ina mstari, ikatwe.
Hii ndefu isisagwe kamwe; imevikwa ganda
iachie dawa kidogo kidogo kutwa nzima.
Ukiiponda inamwagika yote kwa mpigo.
Nitazungumza na daktari aibadilishe.
Na koo lenyewe litazamwe, lisisingiziwe ukaidi."
Kisha akaniangalia: "Umewahi kuisaga?"

Mara mbili. Katika uji wa wimbi.
Nilitazama kaunta.

Siku hizi anaketi wima, kidevu akikiinamisha,
kijiko cha parachichi lililopondwa mkononi.
Mimi sisemi meza.
Najifanya nahesabu kuku uani,
maana koo nalo lina haya zake,
halipendi kusimamiwa.
Nasikia kijiko kikigonga meno. Nasikia kimya.
Nasikia kalamu.

Daftari sasa linakaa mezani, wazi, karibu na chumvi.
Jana usiku nilipokuwa nikifuta meza nilisoma:

*Jumapili. Asubuhi. Nusu mbili. Zimepita.*
*Jioni. Nusu ya kwanza imepita.*
*Ya pili imekataa.*
*Nimemwambia Kageha.*